Uyole na kura 70,975 za Mbeya

Jimbo la Uyole bado halijafikisha umri wa mparachichi kuanza kuzaa. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kuundwa kwake Mei 12, 2025, pamoja na majimbo mengine saba. Lilimegwa kutoka Mbeya Mjini: kata 13 zikawa Uyole, kata 23 zikabaki na jina la zamani. Miezi mitano baadaye, Oktoba 29, likapiga kura yake ya kwanza, na Dk. Tulia Ackson wa CCM akawa mbunge wake wa kwanza.

Anayetaka kuijua rangi ya jimbo hili kwa uchaguzi huo mmoja anapima mzigo kwa mizani yenye sahani moja. CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ya kura. Ilikataa kusaini kanuni za maadili Aprili 2025, ikafungiwa uchaguzi huo, na Tume ikasema wazi kwamba zuio linahusu pia chaguzi ndogo zote za miaka mitano. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa rumande kwa shtaka la uhaini. Siku ya kura ghasia zikazuka mijini na intaneti ikazimwa. Matokeo ya siku hiyo yanatupa jina la mbunge. Kuhusu nguvu za vyama Uyole hayatupi kitu cha kushika mkononi.

Kwa hiyo historia ya Uyole lazima iazimwe kwa mama yake. Na historia ya Mbeya Mjini husomeka vizuri zaidi ukiiweka kando ya Iringa Mjini, kwa sababu majimbo haya mawili yamekuwa yakitembea kama ng'ombe wa nira moja tangu vyama vingi virudi. Mwaka 1995 yote mawili yalichukuliwa na NCCR-Mageuzi: Polisya Mwaiseje Mbeya, Mfwalamagoha Kibassa Iringa. Chama hicho kikapasuka, Augustine Mrema akahamia TLP mwaka 1999, na 2000 viti vyote vikarudi CCM kwa Benson Mpesya na Monica Mbega. Mwaka 2010 vikaondoka tena kwa pamoja, safari hii kwenda CHADEMA: Joseph Mbilinyi, maarufu kama Sugu, na Mchungaji Peter Msigwa. Mwaka 2020 vikarudi CCM siku moja.

Namna vilivyoondoka na kurudi ndiyo inatofautiana. Iringa mwaka 2010 ilikwenda chupuchupu: Msigwa 17,742, Mbega 16,916, tofauti ya kura 826. Mbega hakushindwa na upinzani peke yake. Aliyeongoza kura za maoni za CCM alikuwa Frederick Mwakalebela, jina lake likakatwa juu, Mbega akapitishwa, na wanachama waliokuwa na mtu wao wakabaki wamenuna. Huenda kura 826 ni chache kuliko wanachama walionuna. Mbeya, tangu 2010 hadi 2020, haikuwa na chupuchupu ya aina hiyo hata mara moja. Mwaka 2010 Sugu alipata 46,411 na Mpesya 24,327. Mwaka 2015 Sugu alipata 108,566 dhidi ya 46,894 za Sambwee Shitambala wa CCM. Mwaka 2020 Dk. Tulia alipata 75,225 na Sugu 37,591.

Ukitazama tofauti hizo tu, utasema Mbeya si jimbo la ushindani, ni jimbo la mafuriko: maji yakija upande huu yanazoa kila kitu, yakigeuka yanazoa upande ule. Watu wengi wa siasa mjini Mbeya husema hivyo. Mimi naona wanasoma safu isiyo sahihi ya jedwali. Chukua kalamu.

Kutoka 2015 hadi 2020 kura za CHADEMA kwa ubunge wa Mbeya Mjini zilipungua kwa 70,975. Za CCM ziliongezeka kwa 28,331. Tukubali hata lile ambalo CCM wenyewe wangependa tulikubali, kwamba kila kura iliyoongezeka kwao ilitoka moja kwa moja kwa Sugu, mtu aliyebadili moyo na kuvaa kijani. Bado zinabaki kura 42,644 ambazo hazikwenda CCM wala hazikubaki CHADEMA. Ziweke hizo 42,644 juu ya zile 37,591 za Sugu, unapata 80,235. Zinamzidi mshindi kwa kura 5,010.

Fanya hesabu hiyo hiyo Iringa Mjini. Mwaka 2015 Msigwa alipata 43,154 na Mwakalebela, safari hii akiwa mgombea halali wa CCM, 32,406. Mwaka 2020 Jesca Msambatavangu wa CCM alipata 36,034, Msigwa 19,331. Upinzani ulipoteza 23,823, CCM ikaongeza 3,628 tu. Pengo ni 20,195. Zirudishe kwa Msigwa, anafika 39,526 na anashinda kwa 3,492.

Mtu anaweza kusema nchi nzima ilipoa mwaka ule. Ni kweli asilimia ya waliojitokeza ilishuka, lakini kwa sababu daftari la wapiga kura lilikuwa limevimba. Kwa idadi ya watu, waliopiga kura ya urais nchini walikuwa takriban milioni 15.6 mwaka 2015 na milioni 15.1 mwaka 2020, upungufu wa kama asilimia 3. Jumla ya kura za wagombea wawili wa juu Mbeya Mjini ilishuka kwa asilimia 27. Iringa Mjini nako, asilimia 27. Miji miwili, mikoa miwili, wagombea tofauti kabisa, na pengo karibu lile lile.

Hapo ndipo ushindani wa majimbo haya ulipo. Watu wa kuhama CCM kwenda CHADEMA au kinyume chake ni wachache, tena wengi wao ni viongozi, si wapiga kura. Shitambala mwenyewe aliwahi kuwa mgombea wa CHADEMA kwenye uchaguzi mdogo wa Mbeya Vijijini wa 2009, akaenguliwa kwa kasoro ya kiapo kwenye fomu, na 2015 akarudi ulingoni na shati la kijani. David Silinde alikuwa mbunge wa CHADEMA Momba, 2020 akashinda Tunduma kwa CCM. Msigwa alishindwa na Sugu kwenye uenyekiti wa CHADEMA Kanda ya Nyasa mwaka 2024, na kabla mwezi Juni haujaisha akawa CCM. Msambatavangu alifukuzwa CCM mwaka 2017 akiwa mwenyekiti wa mkoa, akarudishwa, akapewa jimbo. Wakubwa wanahama. Mpiga kura wa kawaida wa nyanda za juu hahami: anakuja au anabaki nyumbani.

Zile 42,644 zilibaki nyumbani, au zilikuja kituoni zikaishia njiani? Upinzani ulidai la pili na kuyakataa matokeo. Jumla za jimbo pekee haziwezi kuamua ugomvi huo, na yeyote anayekwambia zinaweza anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kinachoweza kuamua ni fomu namba 21B, fomu ya matokeo ya ubunge inayojazwa kituoni, kituo kwa kituo. Hapa inafaa kusimama kidogo, maana ndiko majimbo ya aina ya Uyole yanakopatikana au kupotea.

Kituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Kura huhesabiwa pale pale, urais kwanza, kisha ubunge, kisha udiwani. Kwenye darasa la shule ya msingi kule Igawilo au Nsalaga hii ina maana kwamba kura za ubunge zinamwagwa mezani giza likiwa limeingia, kwa taa ya chaji, baridi ya Mbeya ikipenya madirishani, na wakala wa chama hajaweka kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. Msimamizi wa kituo anainua karatasi moja moja, karani anapiga vijiti vitano vitano, mawakala wanatakiwa kuandika vijiti vyao wenyewe. Mwisho fomu inajazwa kwa tarakimu na kwa maneno, inasainiwa, wakala anapewa nakala, nyingine inabandikwa ukutani.

Makosa ni yale yale kila mwaka. Jina la wakala kwenye barua ya chama halifanani na la kwenye kitambulisho, anazuiwa mlangoni. Orodha ya mawakala inapelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi siku ya mwisho, wakati majina yanatakiwa kufika siku saba kabla ya kura, na mawakala wawe wamekula kiapo. Wakala wa Itezi anapangiwa Tembela, hajui njia, nauli hana. Njaa inamtoa saa 1:00 usiku kabla ubunge haujahesabiwa, anamwachia mwenzake wa chama kingine "aniangalizie". Nakala zinaambiwa zimeisha, naye anaondoka bila hata kupiga picha ile ya ukutani. Na sheria haimhurumii: kituo kukosa wakala hakubatilishi matokeo yake.

Ziweke gharama zake mezani. Tuseme jimbo lina vituo 300. Unahitaji mawakala 300 na akiba ya mmoja kwa kila vituo vitano, yaani 360. Posho, chakula na nauli vikiwa shilingi 30,000 kwa kichwa, ni shilingi milioni 10.8 kwa siku moja, kabla ya semina, kabla ya gari la kuzungusha barua, kabla ya vocha. Mgombea wa upinzani aliyemaliza fedha kwenye spika na mabango analala usiku wa kuamkia kura akiwa na mawakala wa nusu ya vituo. Baadaye, akitaka kwenda Mahakama Kuu, ana siku 30 tangu matokeo kutangazwa, na dhamana ya gharama inaweza kufika shilingi milioni 5 kwa kila mdaiwa. Wadaiwa kwa kawaida ni watatu: mshindi, msimamizi wa uchaguzi na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Milioni 15, na ushahidi wake ni zile nakala za 21B ambazo wakala hakuzichukua.

Hata hivyo kuwalaumu mawakala kwa pengo lote la 2020 ni kujidanganya. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia katikati ya 2016, ikaruhusiwa tena Januari 2023. Mwaka 2018 Sugu alifungwa kwa maneno aliyoyasema jukwaani Mbeya, akakaa gereza la Ruanda, hapo hapo Mbeya, hadi Mei. Mwaka 2019 upinzani ulisusia uchaguzi wa serikali za mitaa, na mitaa yote ya jiji ikabaki bila mwenyekiti wa upinzani hata mmoja wa kumwambia jirani kituo kimehamishiwa wapi. Mpiga kura aliyeona yote hayo mfululizo kwa miaka minne hahitaji mtu wa kumzuia mlangoni. Anajizuia mwenyewe.

Na CCM nayo ipewe haki yake. Iringa iliongeza asilimia 11 tu, Mbeya ikaongeza asilimia 60. Tofauti hiyo ni ya mgombea. Dk. Tulia aliingia bungeni kwa uteuzi wa Rais mwaka 2015 na kuwa Naibu Spika mwaka huo huo. Miaka mitano iliyofuata aliitumia Mbeya: taasisi yake ya Tulia Trust, nyumba za wazee, mbio za Tulia Marathon, misaada ya shule. Wapinzani walicheka, wakasema ni siasa za mchele. Kura 28,331 si kicheko.

Sasa kwa nini mwaka 2025 aende Uyole badala ya kubaki mjini? Tazama ramani. Jimbo lililobaki Mbeya Mjini lina Mwanjelwa, Kabwe, Soweto, Iyunga: wafanyabiashara wa soko, mafundi, madereva, wapangaji wa chumba kimoja, wanafunzi wa vyuo. Uyole ni mji unaoanza na shamba linalokataa kuisha. Kuna njia panda ya barabara kuu ya TANZAM na ile ya kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI, kuna viwanja vya Nanenane vya John Mwakangale. Ukitoka lami kidogo unakutana na viazi, mahindi, maharage na ng'ombe wa maziwa. Wenyeji wenye viwanja vya ukoo ni wengi kuliko kule mjini, na mtaa wenye wenyeji ni mtaa ambao balozi wa shina wa CCM anamjua kila mtu kwa jina la baba yake. Kwa chama chenye mashina, hapo ni nyumbani. Hiyo ni tathmini yangu ya ramani, na ninaitoa kwa tahadhari, maana mwaka 2015 CHADEMA ilichukua halmashauri ya jiji zima na meya wake, na mashina yalikuwepo vile vile.

Wapo wanaosema jimbo liligawanywa ili kumpa mtu fulani usalama. Idadi ya watu inatosha kulitetea gawio lenyewe: sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 jijini Mbeya, ya 2022 ikahesabu 541,603. Kilicho muhimu zaidi kwa mchambuzi ni lini mstari huu una maana. Katika mwaka wa mafuriko hauna. Mwaka 2015 CHADEMA ilikuwa na karibu asilimia 70 ya kura za wagombea wawili wa juu. Ili Uyole ibaki CCM ingebidi itofautiane na wastani wa jiji kwa pointi 20, jambo gumu kuaminika kwa watu wanaopanda Hiace moja kwenda soko moja. Mwaka 2020 majimbo yote mawili yangekwenda CCM. Mstari unafanya kazi pale tu kura zinapokaribiana, 52 kwa 48. Hapo mjini panaweza kwenda upande mmoja na Uyole upande mwingine. Na ile hesabu ya 80,235 kwa 75,225 ni asilimia 51.6 kwa 48.4, yaani ndani kabisa ya eneo hilo.

Mstari umeleta na usumbufu mwingine ambao haujazungumzwa sana. Zamani aliyehama chumba kutoka Itezi kwenda Nzovwe bila kuhamisha taarifa zake kwenye Daftari alikuwa amebaki jimbo lile lile. Tatizo lake lilikuwa nauli ya kurudi kituoni. Leo amevuka jimbo. Asipohamisha taarifa anampigia kura mbunge wa mahali asipoishi, au hapigi kabisa. Mzunguko wa kwanza wa uboreshaji wa Daftari ulipita Mbeya kabla jimbo la Uyole halijatangazwa, kwa hiyo wengi walijiandikisha bila kujua kama mstari ungekuwepo. Kwa mji wa wapangaji, hili si dogo.

Matarajio yake basi? Uchaguzi mdogo, ukitokea kwa sababu yoyote, CHADEMA haimo hadi 2030 kama msimamo wa Tume haubadiliki. Dk. Tulia, aliyekuwa Spika, alijitoa kwenye kinyang'anyiro cha uspika Novemba 2025 na kiti kikaenda kwa Mussa Azzan Zungu, kwa hiyo atapimwa kama mbunge wa jimbo, bila joho. Vipimo viko barabarani. Upanuzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, unaanzia mlangoni kwake, na kila asubuhi msongamano wa malori ya Tunduma unawakumbusha wapiga kura ujenzi uko asilimia ngapi. Maji ya mradi wa Mto Kiwira yatafika bombani au hayatafika. Na kuna lumbesa: sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mkulima wa viazi bado anashona kilemba juu ya gunia kwa sababu mnunuzi asipokiona anahamia gari la jirani. Mbunge atakayefanya mizani ifanye kazi kwenye vituo vya kununulia viazi hatahitaji mabango mengi.

Kwa upinzani, jina la Sugu lina deni na akiba kwa pamoja, na sina uhakika kwamba Uyole ni mahali pake. Soko la kura zake siku zote lilikuwa Mwanjelwa. Mtu wa Uyole atapaswa kuwa anayejulikana Igawilo na Iduda kwa mazishi na vikao vya wazazi shuleni, na aanze mapema. Mapema maana yake ni 2029, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Orodha ya wapiga kura wa mtaa si Daftari la Tume: inaandikwa upya na TAMISEMI kwa siku kumi hivi, kama ilivyokuwa Oktoba 11 hadi 20 mwaka 2024. Chama kisichokuwa na mtu wa kugonga milango siku hizo kumi kitawakuta watu wake foleni ya Novemba, kadi ya mpiga kura mkononi, wakiambiwa majina yao hayamo.